Huduma za Kibenki za Kijani: Mteja Aulize Nini?



Mwaka 2023 Benki ya CRDB iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa fedha kwa umma kwa ahadi ya kuzielekeza kwenye miradi inayotunza mazingira. Ilikusanya shilingi bilioni 171.8. Neno hilo "kijani" sasa twalisikia pia kwenye akaunti, mikopo na huduma za simu, na wateja wengi hulipokea kwa mashaka. Sioni ubaya wa mashaka hayo. Mkulima wa korosho anayesubiri malipo yake hutaka kwanza kujua makato ni kiasi gani. Habari za mabadiliko ya tabianchi anazo tayari, kwani ndiye aonaye mvua isiyo ya msimu ikiharibu maua ya mikorosho.

Tuanze na karatasi. Benki inapokuomba uache taarifa iliyochapwa na upokee ujumbe wa simu, karatasi huokolewa kweli. Benki nayo huokoa gharama zake, ingawa hilo halitangazwi sana. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, korosho hupimwa katika chama cha msingi, huuzwa kwa mnada, na fedha huingia katika akaunti ya mkulima baada ya makato. Malipo yasipolingana na kilo, ushahidi wako ni ule ulioutunza. Simu ikipotea, au laini ikiwa imesajiliwa kwa jina la mwanao, utathibitisha kwa nini? Kubali ujumbe wa simu ukipenda, lakini uliza kwanza: nikihitaji taarifa ya karatasi nitaipata, na kwa bei gani? Risiti ya mizani usiitupe kamwe.

Mkopo wa sola au wa tangi la maji ya mvua ni jambo jingine, na mimi nauona kuwa na manufaa ya kweli. Kule Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji husukumwa kutoka bondeni, tangi moja humpunguzia mama safari nyingi. Hata hivyo, mkopo wa kijani ni mkopo. Minada ya korosho huanza kwa kawaida mwezi Oktoba. Marejesho yakidaiwa kila mwezi kuanzia Machi, familia itauza mbuzi, au itaingia kwenye kangomba na kuuza korosho zikiwa bado mtini. Omba ratiba ya marejesho ifuate msimu, na iandikwe ndani ya mkataba. Tazama jumla utakayolipa, si riba peke yake, na uulize ni nani atakayebadilisha betri ikifa kabla deni halijaisha.

Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinakupa haki ya kuelezwa gharama na masharti kabla hujatia saini. Ukiona hukutendewa haki, lalamika kwanza kwa benki yenyewe, kwa maandishi, ubaki na nakala yenye mhuri wa mapokezi. Usiporidhika na jibu, peleka lalamiko lako Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi pale Mtwara, ukiwa na nakala hiyo mkononi.