Mhadhara Wetu, Nani Anaupata?



Ndugu zangu wapenzi, Ramadhan iliyopita nilipewa nafasi ya kuzungumza kidogo baada ya futari. Nilijitayarisha kwelikweli: projekta, picha, ramani ya Badr. Kila mara nasema, "Kama mnavyoona hapa." Katikati, kijana mmoja asiyeona akainua mkono, akauliza kwa adabu, "Ustadh, hapo kuna nini?" Wallahi nilinyamaza. Nusu ya mhadhara ilikuwa imeshampita.

Na sura ya Abasa sote twaijua tangu chuoni! Twamjua Abdullah bin Ummi Maktum, asiyeona, ambaye Mtume (S.A.W.) alimfanya mwadhini pamoja na Bilal (R.A.). Watu wa Madina wakila daku mpaka wasikie adhana yake. Yeye alfajiri haioni. Alikuwa akiambiwa kumepambazuka, ndipo akaadhini. Hapo pana watu wawili: asiyeona, na yule wa kumwambia. Katika mikutano yetu huyo wa pili hayupo.

Basi ewe unayetayarisha futari au mashindano ya Qur'ani mwaka huu, kabla hujachapisha tangazo, waulize wenyewe wanahitaji nini. Ukumbi uwe wa chini. Usiseme ati vijana watambeba mwenye kiti cha magurudumu ngazini; nani apenda kubebwa kama gunia mbele za watu? Choo na mahali pa udhu ukague pia, hapo ndipo wengi husahau.

Wakiwepo viziwi, tafuta mkalimani wa lugha ya ishara. Mpe maneno ya mhadhara siku mbili kabla, maana istilahi za Kiarabu zitamtatiza, na umweke karibu na msemaji, penye taa. Lakini dada kiziwi aliye nyuma ya pazia atamwonaje? Basi apatikane mkalimani wa kike, akae upande wao. Nawe msemaji usiwape watu mgongo ukisoma slaidi. Wako wanaofuata midomo yako.

Katiba ya 2010, kifungu cha 54, imewapa haki ya kufika mahali na kupata habari. Lakini sikuja kuwatisha kwa sheria.

Yule kijana tumekuwa marafiki. Mhadhara wangu wa mwaka huu nimemsomea yeye kwanza, bila picha. Amenikatiza mara tatu.

Wabillahi tawfiq.