Siku Mbili Dar es Salaam na Marafiki

Leo tunazungumzia matembezi mafupi ya marafiki jijini Dar es Salaam.

Kwanza, pangeni bajeti pamoja kabla ya safari. Kubalianeni mapema nani atashika fedha za nauli na chakula, maana fedha zisizo na msimamizi huvunja urafiki.

Siku ya kwanza, anzieni Makumbusho ya Taifa, karibu na Bustani ya Mimea. Hapo limehifadhiwa fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Kisha tembeeni kwa miguu hadi Sanamu ya Askari, iliyosimama Mtaa wa Samora tangu mwaka 1927. Itazameni kwa makini: askari ameelekeza singe yake upande wa bandari. Inawakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wengi hupita hapo kila siku bila kujua hilo, na ni haki yetu kulijua.

Siku ya pili, fikeni soko la samaki la Feri alfajiri mwone samaki wakinadiwa, kisha pandeni pantoni kwenda Kigamboni.

Mkipita pia soko la Kariakoo, vaeni mikoba kifuani na msitoe simu ovyo penye msongamano. Wekeni mahali pa kukutana endapo mmoja atapotea. Kunyweni maji ya kutosha, kwani joto la pwani halina mzaha.

Jiji ni letu sote. Tulitembelee na kulijua.