Tunamwonea Aibu Nani?



Nianze na kosa langu. Jirani yangu hapa Uingereza aliniomba filamu ya nyumbani. Nilikuwa nazo tele, nikamwambia sina. Niliona aibu: majina ya Kiingereza, tafsiri mbovu, majumba ya kifahari yasiyofanana na mtaa niliolelewa.

Mwaka 2021 Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto. Inazungumza Kiswahili, inasimulia Zanzibar, haijifanyi Hollywood wala Nollywood.

Kumbe sikuonea aibu umaskini wetu, bali kujificha kwetu. Nami nilijificha vilevile. Tuwakosoe wasanii wetu, lakini tununue kazi zao. Mkataa kwao ni mtumwa.