Kicheko cha Waliotoka

Somo: Yohana 6:60-69



Leo tunasema juu ya kicheko cha namna ya pekee: kicheko cha mtu aliyeacha kanisa lake, kiisha akaketi mbele ya jukwaa na kutazama dini yake ya zamani ikiigizwa. Anacheka mpaka machozi yanamtoka. Tunataka kujua anacheka nini, na machozi yale yanatoka wapi.

Habari yenyewe ni ya Marekani. Tarehe 24 Machi 2011, mjini New York, ulifunguliwa mchezo wa teatre wenye nyimbo na dansi unaoitwa The Book of Mormon. Jina hilo ni la kitabu ambacho Wamormoni wanakisoma kama Maandiko pamoja na Biblia. Watungaji walikuwa watatu, Trey Parker, Matt Stone na Robert Lopez, na hakuna kati yao aliyekuwa Mmormoni. Mwaka ule ule mchezo ulipata zawadi 9 za Tony, ambazo ni heshima kubwa ya teatre kule. Mwaka 2013 ulifika London. Mwaka 2015 ulichezwa hata Salt Lake City, mji wa makao makuu ya kanisa lenyewe, na tiketi zikaisha.

Mchezo unasimulia vijana wawili wamisionari wanaotumwa kaskazini mwa Uganda. Ninyi mnaokaa mijini mmewaona vijana wa namna hiyo, maana kanisa lao liko hapa Congo pia, na tangu mwaka 2019 lina hekalu Kinshasa. Shati jeupe, kravati, kibao cheusi cha jina kifuani, wakitembea wawili wawili. Kijana wa kiume anatumika miaka 2, msichana miezi 18. Mafundisho yao na yetu hayalingani, lakini ni majirani, na habari za jirani huzungumzwa kwa heshima.

Sasa, kati ya watu waliojaza viti vile walikuwamo wengi waliolelewa katika kanisa lile, kisha wakatoka. Mgeni anaona mzaha tu. Wao wanaona nyumba waliyokulia. Kuna wimbo ambamo wamisionari wanafundishana kuzima huzuni na mashaka kama mtu anavyozima taa. Mtu aliyezima taa hiyo miaka 20 hawezi kuusikia bila kutikisika. Kuna ndoto ya jehanamu, ambamo kijana anashitakiwa hata kwa andazi aliloiba utotoni na kumsingizia ndugu yake. Aliyelelewa katika hofu ya makosa madogo anaijua ndoto hiyo bila kuelezwa. Kuna pia wimbo unaogusa mwaka 1978. Kabla ya mwaka huo, kanisa lile halikuwapa wanaume weusi ukuhani wake. Swali ambalo mtu aliogopa kuuliza darasani, analisikia likiimbwa kwa sauti kubwa, na watu 1,000 wanacheka pamoja naye.

Hapo tunaanza kuelewa. Mtu huyu anacheka kwa sababu jambo alilodhani ni lake peke yake, kumbe ni la wengi. Kwa Wamormoni, kutoka kanisani kuna gharama. Ndoa inayoheshimiwa kuliko zote hufungwa hekaluni, na asiye na kibali cha kanisa haingii humo. Basi siku dada yake anapoolewa, aliyetoka anangoja nje ya mlango. Hata mama mzazi anaweza kungoja nje. Wapendwa, mtu aliyengoja nje ya mlango wa arusi ya mtoto wake anakwenda teatre na kidonda. Akicheka pale, kidonda kinapata hewa.

Tena, mchezo ule hauwachukii vijana wale wawili. Unacheka mambo wanayosema, lakini unawaonyesha kuwa watu wa moyo mwema, wenye hofu, wanaotaka kusaidia. Aliyetoka anawaona pale ndugu zake walio bado ndani, na anaona ujana wake mwenyewe. Kwa hiyo kicheko chake kina upendo ndani yake. Mtu hacheki hivyo juu ya kitu asichokijali.

Lakini kicheko hiki kinagusa watu wengine pia, na hapa sisi wa Congo tuna neno la kusema. Kijiji cha mchezo kimewekwa kaskazini mwa Uganda, na kimejazwa magonjwa, umaskini na mbabe wa vita wa kuchekesha. Kaskazini mwa Uganda halisi iliteswa na waasi wa LRA wa Joseph Kony miaka mingi. Waasi hao wakaja kwetu, Haut-Uele. Watu wa Faradje na Doruma hawajasahau Noeli ya mwaka 2008. Jeraha la Mmarekani linatibiwa kwa kicheko, na jeraha la Mwafrika linafanywa kuwa pazia la nyuma la jukwaa. Waigizaji weusi wa mchezo wenyewe waliliona jambo hilo. Mwaka 2020 waliwaandikia watungaji barua wakiomba mchezo uangaliwe upya, na ulipofunguliwa tena mwezi wa Novemba 2021, sehemu kadhaa zilikuwa zimebadilishwa. Wale waliokuwa jukwaani waliongea, na wenye mchezo wakasikiliza.

Je, kuchekea dini ni dhambi? Elia aliwacheka manabii wa Baali mlimani Karmeli. Askari nao walimcheka Bwana wetu, wakamvika taji la miiba. Kicheko cha Elia kilielekea wenye nguvu, waliokula mezani pa malkia. Kicheko cha askari kilimwangukia mtu aliyefungwa mikono. Tukitaka kupima kicheko, tuangalie kinamwangukia nani.

Na wenye kuchekwa walifanya nini? Kanisa la Wamormoni halikuitisha maandamano mbele ya teatre. Lilitoa neno fupi la upole. Baadaye likanunua kurasa za matangazo ndani ya kijitabu ambacho watazamaji wanapewa mlangoni, likiwaalika wasome kitabu chenyewe. Hata asiyekubali mafundisho yao anaweza kujifunza hapo. Anayejua anachoamini hapigi kelele akichekwa.

Sasa tuje nyumbani. Katika kila mji wa kwetu kuna vijana waliotoka makanisani. Tunawasikia wakiigiza sauti ya mchungaji, namna anavyovuta neno, namna anavyohesabu sadaka. Jamaa wanacheka, mama anakasirika, baba anafukuza mtoto mezani. Kabla ya kumfukuza, tumsikilize vizuri. Mtoto huyo alikaa kwenye benchi miaka mingi. Alisikiliza kuliko wengi, ndiyo sababu anaweza kuigiza. Pengine aliuliza swali akaambiwa ana pepo. Pengine aliona jambo baya likifunikwa. Kile alichokatazwa kusema kwa maneno, sasa anakisema kwa mzaha.

Somo letu linatuonyesha Bwana Yesu siku ambayo wafuasi wengi walimwacha. Walisema mafundisho yake ni magumu, wakarudi nyuma. Hakuwalaani. Hakuwatuma wazee wawatishe kwa ndoto mbaya. Aliwageukia wale Kumi na Wawili na kuwauliza kama wao pia wanataka kwenda. Mlango ulikuwa wazi, na kwa sababu ulikuwa wazi, jibu la Petro lina uzito. Anayebaki kwa kuwa mlango umefungwa, hatujui kama anapenda au anaogopa.

Kwa hiyo tunawaomba ninyi wazazi: aliyetoka kanisani hajatoka katika ukoo. Kiti chake mezani kibaki, na siku ya arusi asingoje nje. Tunawaomba ninyi wachungaji na viongozi wa jumuiya: maswali yaulizwe ndani, mchana, mbele ya watu, yasije yakatafuta jukwaa mahali pengine. Na ninyi mliotoka, kama redio hii inawafikia jikoni au dukani: chekeni, lakini msimcheke bibi anayeomba kwa machozi. Imani hiyo ndiyo iliyomvusha wakati wa vita.

Tuombe. Ee Bwana, wewe ulichekwa na hukurudisha matusi. Uwaponye waliojeruhiwa ndani ya nyumba zinazoitwa zako. Utupe masikio ya kusikia kilio kilicho ndani ya kicheko. Wanaokaa, wakae kwa upendo. Waliokwenda, wakute mlango wazi. Amina.