Mungu Amwonaye Mama wa Kibarua



Katika miezi ya mvua, mahindi mapya yakiwa bado mabichi na vihenge vikiwa vitupu, wako kina mama wa Songea waamkao alfajiri, jembe begani, kwenda kupalilia mashamba ya watu. Hulipwa kwa ngwe. Jioni mama hurudi na unga wa siku moja, akamkuta mume amelewa ulanzi, naye akidai fedha ya kibarua kwa matusi na makofi. Watoto hutazama.

Mama huyo akitulilia, tumjibu nini? Wengi humwambia neno moja tu: vumilia. Uvumilivu ni fadhila, lakini haukuwekwa uwe pazia la kumfichia mdhalimu.

Tumkumbuke Hagari, mjakazi katika nyumba ya Abrahamu. Nyumba ile ilikuwa ya wateule, hata hivyo yeye aliteswa humo mpaka akakimbilia jangwani. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 16, chatusimulia kwamba malaika alimwuliza atokako na aendako. Aliulizwa, akasikilizwa, naye akamwita Mungu kwa jina la Yeye aonaye. Alipofukuzwa pamoja na mwanawe, sura ya 21, maji yakawaishia, Mungu akamfumbua macho akaona kisima.

Sheria ya nchi yetu nayo haikumsahau mama huyu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, na yampasa mume kumtunza mkewe. Tena mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa hata kazi za nyumbani za mke ni mchango wake katika mali ya ndoa. Basi, jasho lake si bure.

Ndugu katekista, nanyi wanajumuiya, tumwulize mama huyo habari zake, tumsikilize mpaka mwisho. Wanaume wa jumuiya wamwendee mume, wamwonye kwa upendo bila kumficha ukweli. Kipigo kisipokoma, tumsindikize mama barazani, asiende peke yake.

Hagari alionyeshwa kisima. Jumuiya yetu na iwe kisima kwa mama wa jirani.

Amina.