Mahali pa Kula na Kustarehe Dodoma



Liko swali moja ambalo wageni hawachoki kutuuliza: Dodoma kuna starehe gani? Wengi huuliza huku wamekwisha kujijibu moyoni ya kuwa hakuna. Wameona nchi kavu, vumbi na mibuyu, wala hawakuona bahari, basi wakakata shauri. Swali hili limezidi tangu mwaka 2016, watumishi wa Serikali walipoanza kuhamia huku kwa wingi, ingawa shauri la kuufanya mji huu makao makuu ya nchi lilikatwa zamani, mwaka 1973. Tena tangu Julai 2024, treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam kwa muda wa saa nne hivi, watu wa pwani waweza kuja kututembelea na kurudi kwao bila kuchoka.

Leo twataka kulijibu swali hilo. Hatutaitaja kila nyumba iuzayo chakula, maana ni nyingi, bali tutasema tuonavyo sisi walimu tukaao hapa. Kipimo chetu ni kimoja tu. Mahali pema pa starehe ni pale ambapo mtu aweza kwenda na mama yake mzazi na mwanawe mdogo, naye asione haya kwa ajili yao, wala wao wasione haya kwa ajili yake. Mahali pasipofaulu kipimo hicho, hata pakiwa na taa elfu, sisi hatupasifu.

Na tuanze na chakula, maana mwenye njaa hasikii zeze. Kwa maoni yetu, karamu iliyo bora katika Dodoma haimo ndani ya nyumba. Iko Msalato, kaskazini ya mji, katika njia iendayo Kondoa, siku ya mnada, yaani Jumamosi. Huko wafugaji huleta ng'ombe, mbuzi na kondoo, na wachomaji huwasha mikaa yao. Mnunuzi huchagua nyama ingali mbichi, ikapimwa mbele ya macho yake, bei ikatajwa, ndipo ikatiwa chumvi na kuchomwa. Ikiiva hukatwa vipande, ikaletwa pamoja na pilipili na ndimu, na ugali au ndizi kwa apendaye. Hapana kisu wala uma wa kumtia mtu mashaka. Watu hunawa, wakala kwa mkono. Karani wa Serikali na mchunga mbuzi huketi benchi moja, na mara nyingi huyo mchunga ndiye ajuaye zaidi nyama ipi imenona, hata karani akamwomba shauri. Mahali gani pengine mjini mtu wa kijijini huombwa shauri na mkubwa?

Walakini hatufichi ila yake. Jua likishuka na vinywaji vikizidi, mnada hugeuka sura. Kwa hiyo mtu aendaye na jamaa zake na aende mchana, naye arudi mapema.

Mjini kwenyewe, jina la Chako ni Chako limetajwa kwa miaka mingi kwa ajili ya kuku wa kuchoma na chipsi, hata wapita njia wengi walilijua kabla ya kuujua mji. Sisi nasi twawapenda kuku wa makaa wa Dodoma, ila twaona ya kuwa apendaye chakula cha kila siku asiwapite mama lishe. Kwao sufuria ziko wazi, bei yajulikana, na mgeni huitwa baba au mama kabla hajaketi. Tena huko mtu aweza kubahatika kupata ugali wa uwele kwa mlenda, chakula kilichowalea Wagogo tangu zamani. Katika majumba makubwa chakula hicho ni nadra kukiona, kana kwamba wenyeji wa nchi hawana kitu cha kumkaribishia mgeni.

Hapo ndipo penye neno letu zito. Tulipata kumpeleka mzee mmoja wa kijijini katika hoteli moja ya mjini, ambayo hatutaitaja. Mtumishi alimpa orodha ya vyakula iliyoandikwa kwa Kiingereza kitupu. Mzee aliigeuza huku na huku, akaiweka mezani taratibu, akasema ameshiba. Hakuwa ameshiba, alikuwa hajala tangu asubuhi. Nyumba ile ina viti vizuri na vyombo safi, lakini kwa kipimo chetu imeshindwa. Wenye hoteli wakitusikia, twawaomba jambo dogo: andikeni vyakula na bei kwa Kiswahili. Gharama yake ni karatasi tu.

Sasa tuseme juu ya usiku. Mji wetu umeinuliwa zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na kwa hiyo jioni zake huwa na ubaridi mzuri, hata mtu apenda kuketi nje. Mtu akitaka kupunga upepo bila gharama, na aende Nyerere Square, penye sanamu ya Mwalimu. Huko waweza kuzungumza na rafiki mkasikilizana. Ama zile nyumba za muziki na dansi zikeshazo, hatusemi ya kwamba dansi ni dhambi. Vijana wanachuo wetu huenda, nasi hatuwachukii. Twasema tu ya kuwa furaha ya usiku ina bei mbili: moja hulipwa mlangoni, na ya pili hulipwa asubuhi. Kijana na azihesabu zote mbili kabla hajaingia, pamoja na nauli ya kumrudisha nyumbani salama. Tena muziki uvumao hata wagonjwa na watoto wa jirani wasilale si starehe, bali ni deni ambalo jirani hulipishwa bila kukopa.

Twende kwa watoto. Mji mkavu wahitaji kivuli kuliko unavyohitaji taa, na kwa sababu hiyo tulifurahi Jiji lilipojenga bustani ya mapumziko ya Chinangali, yenye nafasi ya watoto kuchezea. Mgeni atokaye miji mikubwa ya ng'ambo asitazamie kuona mashine kubwa za kuwarusha watu angani. Mtoto wa Dodoma hufurahi kwa bembea, nyasi, na mzazi asiye na haraka.

Watoto waliokua kidogo wastahili safari ndefu zaidi. Huko Kolo, katika Wilaya ya Kondoa, imo michoro ya watu wa kale juu ya miamba: watu warefu wembamba, na wanyama, wengi wao kwa rangi nyekundu. Mahali palipochorwa panazidi 150, na mwaka 2006 pakatiwa katika hesabu ya urithi wa dunia. Baadhi ya majabali hayo wenyeji wangali wakiyaheshimu kwa ibada zao. Twamwonya kila mwanafunzi: usiguse, usimwagie maji ili rangi ionekane, wala usiandike jina lako. Waliochora hawakuandika majina yao, na bado twawakumbuka.

Mwisho tumeiweka starehe ambayo sisi twaipenda kupita zote, nayo ndiyo iliyo hatarini. Ni ngoma ya Wagogo. Wengi wenu mmeiona muheme, ambayo wanawake huishika ngoma katikati ya magoti, wakaipiga huku wakiimba kwa sauti nyingi zinazopishana na kukutana. Marehemu Hukwe Zawose, aliyezaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Doda na kufariki mwaka 2003, aliichukua marimba na zeze ya nchi hii akaifikisha Ulaya, na wageni wakaketi kimya kumsikiliza. Kule Chamwino nako vikundi vya vijijini vimekuwa vikikusanyika katika tamasha la muziki wa Wagogo, na atakaye kuijua Dodoma hana shule iliyo bora kuliko hiyo.

Yapimeni haya kwa kile kipimo chetu. Katika ngoma ya kijijini, mama yumo katikati ya uwanja, mtoto yu mgongoni, babu yu kitini, wala hapana aulizwaye pesa mlangoni. Lakini hapana pia atakayeitangaza ngoma hiyo kwa mabango, kwa kuwa hapana apataye faida. Kwa hiyo yaweza kutoweka taratibu, bila mtu kuiua. Na kijiji kisichojua tena kujifurahisha chenyewe kitainunua furaha yake mjini, kwa bei ya mbuzi wake.

Basi twawasihi walimu wenzetu: alikeni akina mama wapigao muheme shuleni mwenu, hata mara moja tu kila muhula, nao wafundishe, ninyi mkae chini pamoja na wanafunzi. Nanyi wanafunzi, mkirudi nyumbani likizo, mwombeni babu awaonyeshe jinsi zeze inavyofungwa nyuzi. Na ninyi wa vijijini mjao mjini kwa mnada au kwa hospitali, ingieni popote muuziwapo chakula, ulizeni bei kwa sauti, wala msiseme mmeshiba kama hamjala.

Mgeni akituuliza tena Dodoma kuna nini, tutamjibu: njoo Jumamosi, njoo na mama yako.

Kwaherini.