Leseni Inauzwa Wapi?



Mmetutaka tuseme juu ya Saba Saba. Tutasema juu ya ile ya mwaka 1997, kwa maana ile ya 1990, ambayo Mabwana Kenneth Matiba na Charles Rubia walitiwa kizuizini siku chache kabla yake, ilitukuta tungali watoto. Jumatatu hiyo ya 1997 tulikuwa vijana wa chuo tukijifunza sheria, na mkobani tulibeba nakala ya Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56. Ujana una mambo yake!

Tuliketi karibu na Bustani ya Uhuru, Nairobi, pamoja na waliodai katiba irekebishwe kabla ya uchaguzi. Hawakuwa wahuni, kama ilivyopendwa kusemwa. Alikuwako fundi viatu, walikuwako wanakwaya wawili, na mama mmoja muuza sukuma wiki aliyekuwa ameilowesha leso yake kwa ajili ya gesi. Akatuuliza, "Wanangu, wanasema hatuna leseni ya mkutano. Hiyo leseni inauzwa wapi?" Tukafungua kitabu chetu, tukamweleza kuwa hutolewa na serikali ile ile tuliyokuja kuilalamikia. Akacheka mpaka akajishika mbavu. "Kumbe kifaranga amwombe mwewe ruhusa!"

Somo letu halikwisha. Gesi ya kutoa machozi ilipofyatuliwa, mama huyo aliichana leso akatugawia vipande, kisha kila mtu akashika njia yake. Hatukumwona tena. Polisi wa kutuliza ghasia waliingia hata Kanisa Kuu la All Saints, wakarusha gesi mle mle ndani na kuwapiga watu kwa rungu, Mchungaji Timothy Njoya akiwa miongoni mwao. Nchini kote watu kadhaa waliuawa siku hiyo.

Miezi minne baadaye, Novemba 1997, Bunge liliiondoa leseni. Tangu hapo mwenye kuitisha mkutano humpa mkuu wa kituo cha polisi taarifa tu, siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla ya mkutano. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kikaja kuilinda haki ya kila mtu kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Na bado twawasikia wenzetu, hata wachungaji (mtuwie radhi), wakilia kwamba "wamenyimwa kibali." Kibali kipi? Ikiwa mwingine amekwisha kutoa taarifa ya mahali pale pale na saa ile ile, mkuu wa kituo atawaarifu, nanyi mtatafuta wakati mwingine. Hilo halimfanyi kuwa mwenye nyumba nanyi wapangaji.

Basi barua zenu zisianze kwa "tunaomba." Andikeni "tunakuarifu," mtaje jina na anwani ya mwitishaji, tarehe, saa na mahali. Pelekeni nakala mbili, moja ipigwe muhuri mrudi nayo. Na siku ya mkutano, aliyekabidhiwa nakala hiyo asiiache nyumbani.